Mkalimani wa Kitanda cha Dirishani

4 Februari

Kwa binti wa jirani yangu,

Shikamoo uliyomwandikia baba yako nimeiitikia mimi, maana yeye hana tena neno la kuiitikia. Usinione mdakuzi. Mimi ni mzee wa kitanda cha dirishani, na yeye ni wa kitanda cha mlangoni. Kazi yangu ilikuwa ukalimani mahakamani, kwa hiyo humu kwenye makao ya wazee wananiita Mkalimani, kama wanavyomwita yeye Mhandisi. Majina yetu hasa yameandikwa kwenye chati huko miguuni, tusikoweza kuyasoma.

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la kambini kwenu. Nesi mkuu, tunayemwita Kamanda kwa sababu hata homa hushuka yeye akikohoa, aliisoma kwa sauti mara mbili. Baba yako alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hakuambulia kitu. Kiharusi, kama ulivyoona mwenyewe, kimemfutia lugha yetu yote aliyoisema tangu ujana, kikamwachia Kikorea alichonyonya kwa mama yake. Kamanda alijaribu ile simu yake ya kutafsiri. Lakini mdomo wa mzee umepinda, na simu ikatutangazia kwamba mgonjwa anataka kununua meli.

Basi nimeanza kujifunza Kikorea. Cheka tu. Nina miaka themanini na mbili na nilianza bila hata neno moja. Kwenye kabati la vitabu vya msaada nilikuta kitabu cha watalii, kimeng'oka jalada. Nimeanza na herufi. Hazisimami foleni kama zetu. Zinajazana mbili tatu ndani ya kijumba kimoja, kama familia iliyopanga chumba. Moja ni kama mundu, nyingine kama kiti kilichokosa miguu ya mbele. Kuna duara ambalo likikaa mwanzo halisemi kitu, lipo tu, kama mjumbe wa kikao aliyekuja kunywa chai.

Sentensi ya kwanza niliyoimudu ni "Sanduku langu limepotea." Kitabu ndicho kilichochagua, si mimi. Asubuhi moja nikamwambia baba yako hivyo, polepole. Akanitazama. Akashuka kitandani, akapiga goti kwa taabu, akaanza kutafuta chini ya kitanda changu. Sina sanduku, binti yangu. Lakini nilikuwa nimeeleweka, na nilifurahi kama mtoto aliyepanda baiskeli bila kushikwa.

Ukiwa na la kumwambia baba yako, niandikie. Nitalifikisha na jibu nitalileta. Miaka arobaini nimefanya kazi hiyo, na sijawahi kuongeza neno wala kupunguza.

Ni mimi,
Mkalimani

P.S. Usijali mwandiko. Nje ya dirisha langu mafundi wanajenga ukuta wa kuzuia udongo wa kile kilima, na wanagonga tangu alfajiri. Hata mkono unarukaruka.

---

13 Februari

Mzee wangu Mkalimani,

Shikamoo tena, hii sasa ni yako.

Barua yako nimeisoma nimeketi juu ya mfuko wa saruji, na dereva aliniuliza kama kuna msiba kwa jinsi nilivyokuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Hilo la sanduku ni Baba mtupu. Angetafuta hata sanduku la adui yake.

Huku niliko tunapima njia ya barabara mpya mlimani. Mimi ndiye mpima. Mtandao hakuna, lori hupanda mara moja kwa wiki na ndilo posta yetu. Kazi hii nimerithi kwa Baba. Aliniwekea jicho kwenye kifaa cha kupimia kabla sijaanza shule. Lakini lugha yake hakunirithisha. Alisema, "Wewe ni wa hapa, uwe wa hapa." Kikorea alikitumia kuhesabia na kuitukania nyundo ikimpiga kidole. Mama alipofariki, tulibaki wawili na lugha moja, na sasa hata hiyo hatunayo.

Nina swali moja. Nimelibeba tangu nilipomleta kwenu Oktoba. Siku ile niliweka begi lake, nikamfunika miguu, nikamwambia ninarudi kazini. Akageuzia uso ukutani. Hakunitazama tena mpaka nikatoka. Nilikaa ndani ya gari pale getini nusu saa nzima nikishindwa kuwasha. Sina ndugu wa kumtunza, na kambi si mahali pa mgonjwa. Hayo yote nayajua. Lakini naamka nayo na kulala nayo: alidhani namtupa?

Mzee, muulize. Ana hasira nami? Na tafadhali, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nataka alilosema yeye.

Wako,
Mpima

---

21 Februari

Binti yangu,

Marahaba.

Kwanza ujue desturi ya kazi yetu. Mkalimani hasemi "shahidi anasema kwamba." Husema "mimi," kana kwamba yeye ndiye shahidi. Ndivyo tulivyofunzwa, ili hakimu asikie mtu, si mjumbe wake. Kwa hiyo sehemu hii ya barua isome kama sauti ya baba yako.

*Mwanangu. Sina hasira nawe. Siku ile niligeuza uso ili usione machozi yangu, maana baba hapendi kulia mbele ya mtoto. Ulifanya lililopaswa kufanywa. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo. Nala vizuri, nalala vizuri. Usibebe mzigo usio wako.*

Mwisho wa maneno yake. Haya yanayofuata ni yangu. Ninakuwekea herufi sita, na vijumba vyake. Jifunze uandike "maji," ni rahisi: *mul*. Binti ni *ttal*. Baba, kwa mtoto anayedeka, ni *appa*. Siku ukishuka, umwite hivyo.

Jua likitoka tunakaa kwenye mabenchi chini ya ule ukuta mpya, unatukinga na upepo. Nina kikohozi kidogo, si cha kutajwa.

Mkalimani

---

27 Februari

Mzee wangu,

Sijui nikushukuru vipi. Nilipomaliza kusoma nilienda nyuma ya kilima na kifaa changu, nikajifanya napima. Nililia mpaka lenzi ikapata ukungu. Usiku huo nililala usingizi wa kwanza wa maana tangu Oktoba.

Herufi zako nimezishika. Nimeandika *mul* kwa chaki kwenye pipa la maji. Mpishi wetu ameapa ni uchawi, anachota maji kwingine.

Sasa jambo lingine, na hili ni kubwa. Mkuu wa kampuni amenitaka niende kuongoza kikosi cha upimaji katika milima ya mbali, upande wa pili kabisa. Ni miaka miwili. Huko lori haliendi; mtu hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, mvua ikiruhusu. Ndiyo kazi niliyoiota tangu nikiwa mwanafunzi, lakini nilikuwa nimekwisha kuamua kukataa kwa ajili ya Baba. Baada ya barua yako, sijui tena. Mkuu anakuja tarehe ishirini na saba ya mwezi ujao na karatasi za kusaini.

Muulize Baba. Akisema baki, nabaki, wala sitanung'unika. Akisema nenda, nitakwenda na moyo mweupe.

Mpima

---

7 Machi

Binti yangu,

Maneno ya baba yako:

*Mwanangu, nenda. Mhandisi hamzuii mpima. Mimi nipo, sikimbii.*

Nimechoka kidogo leo, nisamehe kwa ufupi.

Mkalimani

---

14 Machi

Mzee,

Nitasaini! Mwambie hivi, nimejifunza kwa mfanyabiashara mmoja aliyepita hapa na vipuri: *komawoyo, appa*. Ahsante, Baba. Mwambie vilevile kwamba kabla sijaondoka sitapata nafasi ya kushuka, lakini mwakani, Mungu akipenda, nitamletea jiwe kutoka kilele cha juu kabisa.

Mpima

---

19 Machi

Binti yangu,

Usisaini. Kama kalamu iko mkononi, iweke chini kwanza umalize kusoma.

Baba yako hakusema kwamba hana hasira. Hakusema uende. Maneno yale niliyatunga mimi, nimelala chali na kitabu cha watalii kifuani.

Swali lako nilijaribu kumuuliza, hilo ni kweli. Lakini kitabu changu kina "Je, mna chumba chenye bafu?" na "Ndege inaondoka saa ngapi?" Hakina "Ulidhani nakutupa?" Nikaunga maneno matatu niliyokuwa nayo: binti, baba, vibaya. Akanitolea hotuba ndefu, kwa sauti ya juu, akipiga godoro. Ndani yake nilishika neno moja tu: maji. Nikammiminia maji. Akayasukuma, yakamwagika kitabuni. Huo ndio ulikuwa mwisho wa mahojiano. Nilichokuandikia baada ya hapo ni hadithi.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimekuwa na siku nyingi za kujiuliza. Mahakamani nimekiri wizi, nimekiri kuchoma maduka, nimekiri ndoa mbili za siri, yote kwa "mimi," na jioni nikarudi kwa mke wangu nikiwa msafi. Kiapo kilinilinda. Mama akilia kizimbani, kazi yangu ilikuwa kufikisha maneno, si leso. Nilivaa uso wa mbao miaka yote hiyo, na nilijivunia. Kisha ikaja barua yako, na humu hakuna hakimu wala karani, na kalamu ninayo mwenyewe. Nikakupa leso, nikakuambia ni maneno.

Hiyo ndiyo sababu nzuri. Kuna mbaya. Niliona haya kusema "sijui." Mimi niliyesoma, niliyeitwa kutoka wilaya tatu kwa sababu ya ulimi wangu, niliona haya kumwambia msichana nisiyemjua kwamba Kikorea changu chote kinaweza kukaa kwenye kijiko cha dawa. Nilikuahidi jibu, na jibu sikuwa nalo, basi nikalitengeneza. Uongo wa kwanza ulikuwa mtamu kwako na kwangu. Wa pili uliponitaka nikuambie uende au ubaki, nilikaa siku tatu bila kuandika. Ningeweza kusema "baki," nikawa mwongo anayekupokonya ndoto yako. Nikasema "nenda," nikawa mwongo anayempokonya yeye mwanawe. Kukaa kimya sikujua.

Leo nasema kwa sababu mbili. Ya kwanza: daktari alinisikiliza moyo juzi, akaweka chombo chake mfukoni, akaketi kitandani kwangu. Daktari akiketi kitandani, mgonjwa ajue mambo yameshapita kidonge. Kile nilichokiita kikohozi ni moyo, nao unaaga. Nikiondoka, hatabaki mtu anayejua kwamba baba yako hajawahi kukujibu. Utakaa miaka miwili mlimani ukijifariji kwa maneno ya maiti asiye wako.

Ya pili ni nzito zaidi. Kila siku tukirudi kutoka mabenchini, baba yako anachukua mkongojo, anakuja upande wangu, anagonga kioo cha dirisha kwa kifundo cha kidole. Anaelekeza nje, kule getini lilikopita gari lako, na anasema kwa hasira, hasa hasira, mishipa imemtoka. Mengi siyaelewi. Lakini sasa sikio langu limeanza kufunguka, na kila siku nasikia neno hilohilo: *ttal*. Binti. *Ttal, ttal.* Anakuita, mwanangu. Anaitazama njia uliyoondokea na anakuita, nami nimekuandikia uende mbali zaidi.

Swali lako sasa nimelipata. Kamanda hutazama tamthilia za Kikorea ukumbini Jumapili, huku akituambia ni taarifa ya habari, na humo wapenzi huulizana hivi kila baada ya tangazo: *Hwa nasso?* Umekasirika? Ningeweza kumuuliza leo hii. Sitamuuliza. Shahidi aliyekwisha kudanganya hapandishwi tena kizimbani. Swali ni lako, na jibu ulisikie kwa masikio yako, hata likiwa chungu.

Neno "mimi" katika barua hii lisome kama lilivyo. Ni langu. Nimekiri maisha yangu yote kwa niaba ya watu. Hii ndiyo mara ya kwanza ninakiri kwa niaba yangu. Siombi unisamehe. Naomba ushuke.

Mkalimani, ambaye hakustahili jina hilo

---

22 Machi

Mzee,

Nilikuambia usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sijasaini. Lori linashuka kesho, nami nimo ndani.

Mpima

---

3 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa chumbani kwenu, nimeketi kwenye kiti cha Kamanda bila ruhusa yake. Barua hii utaletewa huko hospitali kubwa na dereva wa gari la wagonjwa, ameahidi.

Nilikuja na hasira nimeifunga vizuri kama chakula cha safari. Maneno ya kukuambia niliyapanga tangu kona ya kwanza ya mlima, na mengine hayaandikiki. Nikafungua mlango, nikaona kitanda cha dirishani kimetandikwa, mto umepigwa ukawa bapa, meza tupu. Nilikuwa nimekuja kukugombeza, Mzee, na sikuwa tayari kukuzika.

"Hajafa huyo," Kamanda akanifokea. "Alizidiwa jana, wamempeleka hospitali kubwa. Na ufute uso, mashuka yangu ndiyo kwanza yametoka kufuliwa."

Nikacheka. Hapo nusu ya hasira ikamwagika, na nyingine nikaiweka kando ili nimwone Baba.

Alikuwa ameketi kitandani kwake. Amekonda shingo. Nikachutama mbele yake, nikashika mkono ule mzima, nikasema kama ulivyonifundisha: "*Appa. Hwa nasso?*"

Alinitazama kama mtu aliyeona picha ikizungumza. Maisha yangu yote hajawahi kunisikia nikisema neno la kwao. Kisha akajibu, upesi kabisa, bila kufikiri: "*Ung*." Ndiyo. Na kichwa akakitikisa kukubali, nisije nikakosea.

Mzee, nilisikia jibu nililoliogopa tangu Oktoba, na hata sikupata nafasi ya kuumia nalo. Alinikamata kwenye mkono wa shati, akachukua mkongojo, akanivuta mpaka dirishani kwako. Akagonga kioo. "*Ttal!*" akasema, akinigonga kifuani. "*Mul! Mul!*" akasema, akielekeza nje.

Nikatazama alikoelekeza. Haikuwa njia, Mzee. Haikuwa geti.

Ni ukuta.

Wewe umeuangalia ule ukuta miezi miwili kama mtu wa mahakamani. Mimi nimeuangalia kama binti wa mhandisi, na nywele zikanisimama. Hauna hata tundu moja la kutolea maji. Kilima kizima kimeegemea pale, mvua zinakuja, na maji yakishajaa nyuma yake hayana pa kwenda ila mbele. Tena ulikuwa umeshaanza kutoka kwenye timazi, tumbo nje kama mtu aliyeshiba. Na chini yake, mabenchi yenu.

Ndiyo maana aliyasukuma maji yako. Hakuwa na kiu. Alikuwa anakueleza maji yatakavyofanya.

Kamanda alipoingia, Baba alinishika bega, akaelekeza ukutani, kisha akamfungulia Kamanda mikono yote miwili, ule mzima na ule mzito, kama mwalimu anayeonyesha jibu ubaoni. Hilo halikuhitaji mkalimani. Wiki zote hizo alikuwa akiwaambia: mwiteni binti yangu, yeye ataona.

Nilimfuata msimamizi wa mafundi. Akaniambia, "Dada, ukuta ni ukuta." Nikamwambia, "Na kaburi ni kaburi." Hakunisikiliza. Kamanda alinisikiliza. Alihamisha mabenchi yeye mwenyewe jioni hiyohiyo, moja baada ya jingine, akiwasukuma wazee waliokuwa bado wameyakalia.

Mvua imenyesha tangu Jumapili. Leo asubuhi imekatika, jua likatoka, na wakati wa chai tulisikia kishindo, vikombe vikaruka mezani. Ukuta wote umelala kifudifudi pale mlipokuwa mnaota jua. Hakuna aliyeguswa. Tumeenda dirishani, Baba ametazama udongo ule, na amecheka. Amecheka kwa upande mmoja wa mdomo, ndio alio nao, mpaka akakohoa. Msimamizi amekuja na kofia mkononi, na Baba anamchorea matundu kwa mkono wa kushoto kwenye karatasi ya hesabu ya dawa. Kamanda amejifanya haoni.

Sasa kati yangu na wewe. Bado nimekukasirikia, sitakuficha. Uliniazima baba wa maneno matamu, nikampenda, na ikabidi nimzike ndani ya lori. Lakini nisingekuwa na herufi zako nisingekuwa na swali, na bila swali asingenivuta dirishani. Na kama ungekaa kimya ukafa na siri yako, leo mimi ningekuwa njiani kwenda milima ya mbali, na Baba na wenzako wangekuwa chini ya ule udongo. Kwa hiyo sijui nikuweke wapi. Kwa sasa nimekuweka kwenye "mzee wangu," tutaona.

Miaka miwili nimeikataa. Mkuu amenuna, kisha akasema kambi ya hapa nayo inahitaji mpima. Kila Ijumaa lori likishuka nitakuwa juu ya mifuko mitupu.

Na kuna hili. Jana jioni nilimuuliza tena, safari hii nikionyesha kitanda, chumba, begi lake, mlango niliotokea siku ile. *Hwa nasso?* Alielewa, niliona kwamba ameelewa. Aliweka kijiko chini. Kisha akasema maneno mawili, akanipigapiga mkono, akageukia chakula chake. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia: *Wassunikka. Twesso.*

Mzee, niambie maana yake. Lakini safari hii, kama hujui, sema hujui.

Kitanda chako Baba hakukubali kukilalia, ingawa Kamanda alimpa. Ameweka kiti kando yake na ndipo anapokaa. Jana aliinama akachungulia chini yake. Nadhani bado anatafuta sanduku lako.

Binti wa Mhandisi

---

6 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, na ahsante kwa "mzee wangu." Nimelipokea kama mtu aliyepewa kiti kwenye nyumba aliyoiibia.

Barua hii anaandika nesi wa huku, kijana mwenye mwandiko wa kuku, kwa sababu mkono wangu umegoma. Nimemwapisha asiongeze neno wala kupunguza. Amecheka. Hajui.

Chumba hiki hakina dirisha, na sijali. Nimelala nikifikiria ukuta ule ukianguka bila mtu chini yake, na kila nikifikiria napumua mpaka mwisho wa pumzi, kitu ambacho sikukiweza tangu Februari. Siku ngapi nimeketi pale, mgongo kwenye matofali, nikimsahihisha mhandisi matamshi yake ya Kikorea! Maana nilifika huko, binti yangu. Kitabu kilisema hivi, yeye akasema vile, na mimi nikaamini kitabu.

Umwambie Kamanda taarifa ya habari ya Jumapili isikose kusikilizwa kwa niaba yangu. Umwambie Mhandisi, kwa lugha yoyote, kwamba sanduku limepatikana, na kitanda ni chake. Anayeona vizuri ndiye akae dirishani.

Sasa maneno yako mawili. Nimemwomba kijana aniletee kitabu, kimekuja kikiwa bado na alama ya yale maji. Nimetafuta. Ndani ya neno la kwanza nasikia "kuja". Lipo kwenye ukurasa wa ndege. La pili limenitazama nami nimelitazama. Ningeweza kukutungia kitu kizuri sana, kimeshanijia hapa kwenye ulimi. Nimekimeza.

Sijui, mwanangu.

Tazama, nimelisema, na dari haikuanguka. Miaka themanini na mbili nimelizunguka neno hilo kama mtu anayekwepa mbwa, kumbe halina meno. Sijui. Muulize mwenyewe siku ya Ijumaa. Akijibu usielewe, muulize Ijumaa inayofuata. Mna muda, na sasa mna herufi.

Mimi, na "mimi" hii ni yangu,
jirani wa baba yako